Mifupa ya wanyama na ndege wa kufugwa: mwongozo kamili wa kuisoma kwa macho na kwa vidole

Ng'ombe, mbuzi, mbwa, sungura na kuku wamejengwa kwa mpango mmoja. Kuna fuvu, kisha uti wa mgongo, mbavu zinashuka kutoka kwenye uti, na viungo vinne vya kutembelea au kurukia vimeshikizwa pembeni. Kinachotofautiana ni urefu wa mifupa, idadi yake, na ipi imeungana na ipi. Kwa hiyo huhitaji kukariri wanyama kumi. Mjue mmoja vizuri, halafu kwa kila anayefuata ujiulize: kipi hapa kimerefuka, kipi kimeungana, kipi kimetoweka?

Wengi hukwama kwa sababu huanza na orodha ya majina na mchoro. Majina yana nafasi yake, lakini mfupa uliousoma kwa jina tu hupotea kichwani baada ya wiki. Mfupa ulioutafuta kwa vidole juu ya mnyama hai, ukaupata, ukaulinganisha na wa kwako mwenyewe, hausahauliki. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili.

Kabla ya kushika

Mnyama wa kuanzia ninayempendekeza ni mbuzi mzima aliyezoea watu. Ni mdogo, miguu yake haina nyama nyingi, na kiunzi chake kinakaribiana sana na cha ng'ombe na kondoo. Mbwa mpole mwenye manyoya mafupi anafaa pia. Awepo mtu wa kumshika kichwa. Anzia begani, ambako mnyama hashtuki, kisha teremsha mkono bila kuuinua. Miguu ya nyuma iwe ya mwisho.

Tumia ncha za vidole vitatu na ubonyeze taratibu. Misuli hubonyea. Kano hukaza mnyama anapouegemea mguu na kulegea anapouinua. Mfupa haubadiliki kwa lolote kati ya hayo. Ukizoea tofauti hii tu, nusu ya kazi umeimaliza.

Kuhusu mizoga, kuna sharti lisilo na mjadala. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa ambaye damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au sehemu ya haja, usimpasue, usimchune, usichukue hata mfupa mmoja. Huenda ni kimeta, na vijidudu vyake huua watu na hudumu kwenye udongo miaka mingi. Mwite daktari wa mifugo. Kwa kujifunzia, tumia mifupa ya mnyama aliyechinjwa akiwa mzima wa afya.

Hatua ya 1: Ujue mfupa wenyewe

Chukua mifupa miwili ya paja la kuku iliyosafishwa. Mmoja uloweke kwenye siki, ubadilishe siki kila baada ya siku moja au mbili. Baada ya siku chache utaweza kuupinda bila kuuvunja, kwa sababu asidi imeyeyusha madini na kubakiza nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Wa pili uchome kwenye makaa mpaka uwe mweupe. Umbo lake litabaki vilevile, lakini ukiufinya unamung'unyuka, kwa kuwa moto umekula kolajeni na kuacha madini. Mfupa hai una vyote viwili: kwa uzito, ukiondoa maji, takribani theluthi mbili ni madini, hasa kalsiamu na fosforasi, na sehemu inayobaki karibu yote ni kolajeni. Madini huupa ugumu, kolajeni huuzuia kupasuka. Ndama au kifaranga aliyekosa vitamini D, kalsiamu au fosforasi hupata matege kwa sababu kolajeni ipo lakini haikupata madini ya kutosha.

Sasa tazama mfupa mrefu uliopasuliwa kwa urefu. Katikati kuna mpini wenye ukuta mnene, na ndani yake uwazi uliojaa uboho. Ncha zote mbili zimejaa mfupa wa matundumatundu, na uso unaogusana na mfupa mwingine umefunikwa gegedu laini, jeupe, lenye kuteleza. Nje kote, isipokuwa kwenye gegedu, kuna utando mwembamba. Huo ndio wenye mishipa ya fahamu, ndiyo maana mfupa ukivunjika mnyama anateseka sana. Na ndio unaoanzisha kuunga.

Kwa mnyama mchanga utaona kitu cha ziada: tabaka jembamba la gegedu karibu na ncha. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Akikomaa tabaka hilo hugeuka mfupa na urefu unakoma. Kabla ya hapo, hapo ndipo penye udhaifu. Ndama akivutwa vibaya wakati wa kuzaliwa, mara nyingi mguu huachia kwenye tabaka hilo hasa.

Mfupa pia ni ghala. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo ndani yake. Lakini ghala hili halifunguki mara moja. Ng'ombe wa maziwa mengi anapozaa, maziwa ya kwanza huvuta kalsiamu kutoka kwenye damu kwa kasi, na mifupa huchukua siku kadhaa kuanza kuitoa kwa kiwango kinachotosha. Katika pengo hilo ndipo anapoanguka kwa homa ya maziwa, amelala chini asiweze kusimama, huku mifupa yake imejaa kalsiamu.

Hatua ya 2: Kichwa

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa fuvu lina mifupa mingi iliyoshonana na mwanzoni inatosha kujua sehemu nne: kisanduku cha ubongo, matundu ya macho, taya la juu na taya la chini. Taya la chini ndilo linalocheza. Weka vidole mbele ya sikio la mbuzi anapocheua. Kiungo kinachosogea ndicho hicho.

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, ingiza kidole mbele ya kinywa, kwenye ufizi wa juu. Hakuna meno ya mbele; kuna ufizi mgumu tu, na meno 8 ya mbele yako chini. Mnyama huyu hajang'olewa meno. Ndivyo alivyoumbwa.

Pembe nazo zinahitaji neno. Ndani ya pembe ya ng'ombe, mbuzi au kondoo kuna kiini cha mfupa kilichochipua kutoka kwenye paji la uso. Kwa ng'ombe mkubwa, uwazi wa hewa ulio kwenye paji huingia mpaka ndani ya kiini hicho. Ukikata pembe ya ng'ombe mzima unafungua tundu linaloingia kwenye fuvu, damu inatoka nyingi, na uchafu una njia ya kupita. Ndiyo sababu kuondoa pembe hufanywa ndama akiwa na wiki chache, wakati kichipukizi hakijashikana na fuvu, na kwa dawa ya ganzi.

Hatua ya 3: Hesabu pingili

Uti wa mgongo una sehemu tano: shingo, mgongo wenye mbavu, kiuno, pingili za nyonga zilizoungana kuwa mfupa mmoja, na mkia. Hesabu za kawaida, kwa mpangilio huo, ni hizi:

Ng'ombe: 7, 13, 6, 5, 18 hadi 20
Kondoo: 7, 13, 6 au 7, 4, 16 hadi 18
Farasi: 7, 18, 6, 5, 15 hadi 21
Nguruwe: 7, 14 au 15, 6 au 7, 4, 20 hadi 23
Mbwa: 7, 13, 7, 3, 20 hadi 23
Sungura: 7, 12, 7, 4, karibu 16

Mbuzi hufanana sana na kondoo. Tazama safu ya kwanza: wote wana 7. Twiga naye ana 7, na wewe pia. Shingo ndefu ya mnyama anayenyonyesha ni pingili ndefu, wala si pingili nyingi. Hapo tayari una jibu la "kipi kimerefuka".

Pingili ya kwanza ya shingo ina mabawa mawili mapana unayoweza kuyashika nyuma ya masikio ya mbwa. Ndiyo inayoruhusu kichwa kuitikia ndiyo. Ya pili ina jino linaloingia ndani ya ya kwanza na kufanya mhimili wa kukataa, kichwa kikienda kushoto na kulia. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba uti wa shingo unapita juu, chini ya manyoya ya shingo. Kwa farasi na ng'ombe unapita chini zaidi, karibu na katikati ya shingo na hata chini ya hapo ukikaribia kifua. Juu yake ni misuli na kano nene inayobeba kichwa.

Ukifika mabegani, miiba ya pingili za mgongo ndiyo mirefu kuliko yote, na ndiyo inayounda sehemu ya juu ya mgongo unapopimia kimo cha farasi. Nundu ya ng'ombe, hata hivyo, haina mfupa wake. Ni misuli na mafuta. Ya ngamia ni mafuta.

Kiunoni, nyuma ya ubavu wa mwisho, kila pingili ina mwiba juu na mbawa ndefu pande zote mbili. Zitafute kwa mbuzi: weka kidole gumba juu ya uti na vidole vingine ubavuni, ubane polepole. Kumbuka hisia hiyo. Tutaihitaji katika hatua ya 8.

Sungura anahitaji uangalifu wa pekee hapa. Mifupa yake ni myepesi, karibu asilimia 7 hadi 8 tu ya uzito wa mwili, ilhali misuli ya mapaja yake ina nguvu nyingi. Ukimwinua bila kushika makalio, akapiga teke hewani, anaweza kuuvunja uti wake mwenyewe pale kiunoni. Daima mkono mmoja uwe chini ya makalio.

Hatua ya 4: Mbavu na kidari

Idadi ya jozi za mbavu ni sawa na idadi ya pingili za mgongo: ng'ombe 13, farasi 18, mbwa 13. Zile za mbele hufika kwenye kidari moja kwa moja kupitia gegedu. Za nyuma hushikana na zilizo mbele yake. Ng'ombe na farasi wana 8 zinazofika, mbwa 9.

Ubavu wa mwisho ndio alama ya kuijua kuliko zote. Ukiupata, umepata mwanzo wa kiuno. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, upande wa kushoto nyuma yake kuna kishimo kilicho juu ya tumbo kubwa la kucheulia. Tumbo likijaa gesi, kishimo hicho huvimba na kupanda hadi usawa wa uti. Mtu asiyejua ulipo ubavu wa mwisho hawezi kusema kwa uhakika kama anachokiona ni uvimbe wa tumbo au umbo la mnyama.

Hatua ya 5: Mguu wa mbele

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mpangilio kutoka juu ni: kombe la bega, mfupa wa mkono wa juu, kigasha chenye mifupa miwili ya radiasi na ulna, vijifupa vya kifundo cha mkono, mifupa ya kiganja, na vidole. Ni mpangilio uleule wa mkono wako. Uweke mkono wako mezani na uugawe hivyo kabla ya kumgusa mnyama.

Sasa tafuta kombe la bega kwa mbuzi. Ni bapa, lina ukingo uliosimama katikati yake, na unaweza kuufuata ukingo huo kwa kidole kutoka juu hadi chini. Mwambie msaidizi amtembeze hatua mbili. Kombe linateleza juu ya mbavu, kwa kuwa halijaungana na mfupa wowote wa kifua. Ng'ombe, mbuzi, farasi na nguruwe hawana kabisa mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kidari. Paka ana kipande kidogo kinachoelea kwenye misuli. Sehemu yote ya mbele ya mwili imening'inizwa kati ya makombe mawili kwa misuli tu, na hiyo hupunguza mshtuko mnyama anapotua chini.

Kutoka ncha ya bega, mfupa wa mkono wa juu unarudi nyuma ukielekea kwenye kiwiko. Wengi huudhania ni sehemu ya kifua kwa sababu umefichwa na nyama. Kiwiko ni ile ncha ngumu iliyo nyuma, karibu kugusa mbavu. Ni ya ulna, kama ya kwako. Hapo utagundua kwamba sehemu ya mguu inayoonekana nje ya mwili huanzia kwenye kiwiko.

Shuka na kigasha hadi kwenye kile ambacho kila mtu hukiita goti la mbele. Si goti. Ni kifundo cha mkono. Likunje goti hilo na uhesabu kiakili: juu yake kuna mifupa miwili ya kigasha, chini yake kuna kiganja. Ukikubali hilo, mguu mzima unajipanga wenyewe. Ng'ombe anapoinuka "kwa magoti", anaegemea vifundo vya mikono yake.

Chini ya kifundo kuna mfupa mmoja mrefu ulionyooka, ule wa kongoro. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo ni mifupa miwili ya kiganja, ya kidole cha tatu na cha nne, iliyoungana. Ukiutazama mfupa uliosafishwa, mbele yake utaona mfereji unaoonyesha ilipoungana, na mwisho wake umegawanyika vichwa viwili, kimoja kwa kila kidole.

Hatua ya 6: Mguu wa nyuma

Nyonga ina mifupa mitatu kila upande, iliyoshikana tundu la paja likiwa katikati yao. Juu ya ngozi tafuta alama mbili: kona ya nyonga, ile inayojitokeza pembeni nyuma ya kiuno, na mfupa wa makalio chini ya shina la mkia. Kati yake na mfupa wa nyonga za uti kuna kano pana. Mimba inapofikia mwisho kano hizo hulegea. Kwa mbuzi, vidole viwili pande za shina la mkia huzama na karibu kukutana, dalili kwamba kuzaa kumekaribia sana.

Mfupa wa paja unashuka mbele, umefichwa na nyama, hadi kwenye goti la kweli. Goti hili liko juu, karibu na tumbo, na lina pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, unayoweza kuisogeza kidogo kwa kidole. Farasi huweza kuinasa pia hiyo juu ya ncha ya mfupa wa paja na kusinzia akiwa amesimama bila misuli kuchoka. Kutoka hapo muundi unarudi nyuma na chini mpaka kwenye kiungo chenye ncha kali kinachotazama nyuma.

Ncha hiyo ni kisigino. Wanaosema kwamba mnyama ana goti linalokunja kinyume wanatazama kisigino chake. Mnyama hukanyaga kwa vidole, kisigino kikiwa juu hewani.

Linganisha sasa miguu miwili kwa mkono, macho yakiwa yamefumbwa. Mguu wa mbele: kiungo kilicho juu ya kwato na kile kinachofuata, yaani kifundo cha mkono, hukunja upande mmoja. Mguu wa nyuma: kiungo kilicho juu ya kwato hukunja upande huu, kisigino hukunja upande wa pili, na ncha ya kisigino inagusika waziwazi. Rudia mpaka usikosee. Siku ambayo ndama au mwana-mbuzi anatokeza miguu miwili na kichwa hakionekani, mkono uliooshwa na kulainishwa ukiingia ndani ndio utakaokuambia kama miguu ile ni ya mbele na kichwa kimegeukia ubavuni, au ni ya nyuma na mtoto anakuja kinyume. Maamuzi yake ni tofauti kabisa, na anayevuta bila kujua anaweza kuwapoteza mama na mtoto.

Vidole nitavitaja kwa ufupi. Farasi na punda husimama juu ya kidole kimoja, cha tatu. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia husimama juu ya viwili, cha tatu na cha nne. Vile vikwato vidogo vya nyuma kwa ng'ombe na mbuzi ni mabaki ya cha pili na cha tano. Nguruwe ana vinne, viwili vikikanyaga kwa kawaida. Mbwa na paka wana vitano mbele na kwa kawaida vinne nyuma. Ndani ya kila kwato mna mfupa wa mwisho wa kidole, na kwato haina nafasi ya ziada: ikikua bila kukatwa, mfupa ule unakaa vibaya na viungo vya juu vyote vinaumia.

Kuna pia mifupa michache isiyohusika na kiunzi. Ng'ombe ana mfupa ndani ya moyo, mbwa dume anao ndani ya uume, na nguruwe ana mmoja kwenye ncha ya pua unaomsaidia kufukua.

Hatua ya 7: Ndege

Ukishaelewa mguu wa mbuzi, kuku atakufurahisha. Kila kitu kipo, ila kimepunguzwa uzito na kuunganishwa ili mwili uweze kuruka, hata kwa ndege ambaye siku hizi haruki mbali.

Anza na shingo, mahali pekee palipoongezwa. Kuku ana pingili 14 hivi za shingo, na bata bukini ana zaidi. Fuvu lake limekaa juu ya uti kwa kifundo kimoja tu, ilhali mbuzi ana viwili. Ndiyo maana kuku hugeuza kichwa mpaka akajisafisha mgongo. Jicho lake limezungukwa na pete ya vijifupa vyembamba.

Nyuma ya shingo ulegevu unakoma. Pingili kadhaa za mgongo zimeungana kuwa fimbo moja, na nyuma yake pingili za mwisho za mgongo, za kiuno, za nyonga na za mwanzo wa mkia zimeungana na nyonga yenyewe kuwa bamba moja gumu. Mwisho kabisa, pingili za mkia zimeungana kuwa mfupa mdogo wa kushikilia manyoya ya mkia.

Kidari ndicho mfupa mkubwa kuliko yote. Kina ukingo uliosimama katikati, kama mkuku chini ya jahazi, na pande zake mbili hushikilia misuli ya kurukia. Kwa kuku mchanga ncha ya nyuma ya mkuku huo ni gegedu na hupinda kwa kidole. Kwa aliyekomaa ni ngumu. Mitulinga miwili imeungana mbele ya kifua kuwa mfupa wenye panda, na nyuma yake kuna nguzo mbili nene zinazozuia kifua kisibanwe bawa linapopigwa chini.

Ndege hana kiwambo cha kupumulia. Anavuta hewa kwa kukishusha kidari na kuitoa kwa kukipandisha. Ukimkamata kuku kwa kumbana kifua, hata kama hujamgusa koo, unamzuia kupumua. Mshike kwa kuyabana mabawa mwilini na kuibeba miguu, kifua kikiwa huru.

Fungua bawa na uligawe kama ulivyougawa mkono wako: mfupa wa mkono wa juu, radiasi na ulna, kifundo, kiganja kilichoungana, na vidole vitatu vilivyosinyaa. Ulna ndiyo nene, na baadhi ya manyoya ya kurukia yameshikizwa juu yake. Mfupa wa mkono wa juu una hewa ndani, na uwazi wake umeunganika na mifuko ya hewa ya kupumulia. Mfupa huo ukivunjika na kutoboa ngozi, usimwage maji au dawa kwenye kidonda; yanaweza kuingia hadi kwenye njia ya hewa.

Mguuni, paja lenyewe limefichwa chini ya ngozi ya mwili na goti haliko mbali na ubavu. Sehemu ya nyama inayofuata ni muundi uliounganika na baadhi ya vijifupa vya kifundo. Kile kiungo kinachoonekana kukunja kinyume ni kifundo cha mguu. Sehemu ya magamba chini yake ni vijifupa vya kifundo vilivyobaki na mifupa ya wayo iliyoungana, na kipi cha jogoo huota hapo. Vidole kwa kawaida ni vinne, na idadi ya pingili zake ni rahisi kukumbuka: cha nyuma 2, kisha 3, 4, 5 ukielekea nje. Kuku wa mbari za Silkie na Dorking wana vidole vitano.

Jambo la mwisho kuhusu kuku jike linanivutia kuliko yote. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, homoni humfanya ajenge mfupa wa aina ya pekee ndani ya uwazi wa mifupa mirefu. Mfupa huo hautumiki kubeba uzito. Ni akiba ya kalsiamu ya ganda. Ganda moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu, na hujengwa zaidi usiku, wakati kuku hali chakula. Ndiyo maana chokaa ya mawe au kombe za baharini iliyosagwa kwa chembe kubwa inafaa zaidi ikitolewa jioni: huyeyuka polepole tumboni usiku kucha. Chakula kisipotosha, kuku huendelea kutaga akila mifupa yake, hadi mkuku wa kidari unapinda au miguu inashindwa kumbeba.

Hatua ya 8: Tumia ulichojifunza

Kupima unono, kwa alama 1 hadi 5. Kwa mbuzi na kondoo, rudi kiunoni. Miiba ikichoma na vidole vikapita kwa urahisi chini ya mbawa za pingili, mpe 1. Ukiihisi imeviringika kwa kubonyeza kidogo, ni 3. Usipoihisi kabisa hata ukibonyeza, ni 5. Mbuzi huficha mafuta tumboni, hivyo kiuno pekee kinadanganya; bonyeza pia kidari kati ya miguu ya mbele. Kwa ng'ombe, tazama kona za nyonga na mifupa ya makalio. Kwa kuku, pitisha kidole kwenye mkuku: ukiwa mkali bila nyama pembeni, amekonda.

Kujua kuku anayetaga. Pande mbili za tundu la kutagia kuna ncha mbili nyembamba za mifupa ya nyonga. Kwa anayetaga, vidole viwili au vitatu hupita kati yake na ncha zinapindika kidogo. Kwa asiyetaga, hupita kimoja kwa shida.

Mfupa uliovunjika. Mtulize mnyama kwanza. Banzi lazima lifunge kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, likiwa na pamba au nguo nene ndani, bila kukaza hadi mguu uvimbe au upoe. Banzi linaloishia palepale palipovunjika huongeza madhara, kwa kuwa linageuka mtaimbo. Kwa sababu hiyo hiyo, mfupa wa paja na wa mkono wa juu usiufunge banzi. Viungo vyake vya juu havifungiki. Mzuie mnyama asitembee na umwite daktari wa mifugo. Kwa kuku, bawa lililovunjika lifunge mwilini likiwa limekunjwa, bendeji ipite chini ya bawa lisilovunjika, na uhakikishe kidari bado kinapanda na kushuka.

Hatua ya 9: Tengeneza kiunzi chako cha kuku

Chagua kuku mkubwa wa umri. Wa miezi michache mifupa yake huachana kwenye gegedu za ukuaji. Vaa glavu. Ondoa nyama uwezavyo kwa kisu kidogo, kisha tia kila mguu na kila bawa kwenye mfuko wake wa kitambaa wenye alama ya kushoto au kulia. Hili usiliruke, kwani vidole vikichanganyika utapoteza siku nzima. Piga picha kila hatua.

Tia mifuko kwenye maji ya moto yasiyotokota kwa nguvu, ukiangalia mara kwa mara mpaka nyama iachie. Maji yakitokota sana hupindisha mifupa myembamba na kuzamisha mafuta ndani. Sugua kwa mswaki laini. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji kwa siku kadhaa, ukiyabadilisha, mpaka mafuta yasiwe yanaelea. Kwa weupe, loweka siku moja au mbili kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Usitumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Huendelea kuula mfupa hata ukishakauka, na baada ya muda utaukuta unatoa unga.

Kausha kivulini. Panga juu ya kitambaa cheusi: bamba la nyonga kwanza, kwa kuwa halikosewi, kisha uti kwenda mbele, mbavu, kidari, nguzo za kifua, makombe ya bega membamba, mabawa, na miguu mwishoni. Kombe la bega la kuku huwachanganya wengi kwa sababu ni refu na jembamba. Hulala sambamba na uti. Gundisha baada tu ya kulinganisha na picha zako. Kila mara chuja maji ya kuoshea kwa kitambaa chepesi kabla ya kuyamwaga: mifupa ya ulimi, pete za macho na pingili za mwisho za vidole hubaki humo, na kiunzi cha kwanza cha karibu kila mwanafunzi hukosa hizo.